Siku ya 19

Juzi saa tano usiku simu ikalia. Yule mwanangu wa pili, anayeishi Sakina, Arusha.

"Shikamoo mama. Umeme umekatika tangu saa mbili na mayai yana siku 18. Nifanyeje?"

Nikamwambia aache kufunguafungua ile mashine ya kutotolea vifaranga. Achemshe maji, ajaze chupa mbili, afungue mara moja tu aziingize, kisha aifunike kwa blanketi ila asizibe matundu ya hewa. Akauliza je, akiwasha jiko la mkaa humo chumbani? Nikamfokea. Moshi wa mkaa utamuua yeye kabla ya vifaranga. Akanyamaza, halafu: "Mama, haya umeyajulia wapi? Wewe mashine hujawahi hata kuigusa."

Nikamwambia akachemshe maji. Yeye nadhani alilala baadaye. Mimi sikulala.

Ilikuwa likizo ya Juni, 1987, Uru, Kilimanjaro, kwa Bibi. Wanaoijua Juni ya mlimani hawahitaji maelezo. Ukungu unashuka hadi mgombani, manyunyu hayakomi, nguo unazianika Jumatatu na Alhamisi bado zina unyevu. Kuku wa watu wengi mwezi huo walifukuzwa kwenye viota. Wengine waliwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ili wasahau kuatamia, jambo ambalo Bibi aliliita uuaji. Yeye alikuwa na koo lake jekundu, kuku mzazi, na koo lile lilipoamua kulala lilikuwa limelala. Alilihamishia jikoni, kwenye tenga lililotandikwa majani makavu ya migomba na majivu chini yake ya kuzuia utitiri, si mbali na mafiga. Akaliwekea mayai 10. Wakati wa jua angeweka hata 14, lakini baridi ikiwepo, alisema, yai ambalo halikugusa tumbo la mama ni yai la kupika. Kila yai alilitia alama ya mkaa, maana kuku wengine wana tabia ya kuja kutaga humohumo, ukajikuta na mayai ya rika tofauti. Na kila asubuhi alichora mstari mmoja ukutani.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Koo hutoka mara moja kwa siku: anakula mahindi yake, anakunywa, anaachia kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu ambayo hadi leo naweza kuitambua gizani, anarudi. Robo saa, ikizidi sana nusu. Nilipaswa kuhesabu akitoka na kuhesabu akirudi.

Siku mistari ilipofika 19, Bibi aliteremka sokoni Mbuyuni na mikungu miwili ya mshare. Saa nne koo akatoka. Nikafagia jiko, nikatoka na ndoo, nikaurudisha mlango na kuuchomeka kile kijiti chake ili mbuzi asiingie. Mferejini nikawakuta binti za baba mkubwa wanacheza rede. Mengine mnayajua.

Nilirudi saa nane.

Alikuwa amesimama mlangoni, ameuelekea mlango wenyewe kama mtu aliyebisha hodi akachoka. Amelowa chapa, manyoya yamemnata hadi unaona jinsi alivyo mdogo. Hakunikimbia. Nilipombeba niliona tumbo lake: lilikuwa kipara, ngozi tupu nyekundu, na ya moto, ya moto kuliko kiganja changu, pamoja na mvua yote ile. Nilikuwa sijui kwamba kuku anayeatamia hunyonyoka pale ili mayai yaguse ngozi. Nilidhani anaumwa kwa sababu yangu.

Mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mferejini.

Nikachochea moto. Kumrudisha amelowa vile juu ya mayai niliona ni kuyamalizia, basi nikamfunika kwa khanga kuukuu karibu na mafiga akauke. Kisha, sijui nani alinituma, nikafunua sweta na shumizi, nikajilaza chali kwenye gunia nikayapanga yote 10 tumboni, nikashusha sweta na kuyazungushia mikono. Baridi yake ilinikata pumzi. Nililia kidogo, kimyakimya, maana kulia kwa nguvu kungeyatikisa. Niliogopa kukohoa. Yaliyokuwa katikati yakaanza kupata uvuguvugu, ya pembeni yakawa yanateleza kuelekea mbavuni na mimi nayarudisha moja moja kwa kidole. Moto ulikuwa upande wa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ulibaki na mimi tu.

Halafu nikasikia. Si kwa masikio, kwa tumbo kwanza: kitu kinakwaruza. Kisha sauti nyembamba kutoka ndani ya ganda zima, lisilo na ufa wowote. Koo, kule kwenye khanga, akajibu. Klo, klo. Nami nikajibu, asinicheke mtu.

Siku hizi najua kwamba siku ya 19 kifaranga huwa anakaribia kutoboa chumba cha hewa, akishatoboa anaanza kulia humohumo ndani. Najua pia kwamba umri huo ana joto lake mwenyewe kidogo, hivyo huenda sweta langu halikuokoa chochote. Na vilevile huenda kuyageuzageuza kwangu ndiko kulikomaliza baadhi. Nimeshapiga hesabu hiyo pande zote.

Jioni koo alikuwa amekauka, nikamrudisha. Bibi alikuja na chumvi na mafuta ya taa, akapika, hakuuliza kitu. Siku ya 21 walitoka watano, kesho yake mmoja. Yale manne Bibi aliyaweka kwenye beseni la maji vuguvugu aone kama yatatikisika. Hayakutikisika. Akaenda kuyafukia mgombani, akarudi akinawa mikono.

"Ni radi hii," akasema. "Radi huua mayai."

Nikaitikia kwa kichwa, nimepona. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, siku moja nikianua nguo, ndipo nilipojiuliza radi gani, Juni, Uru. Nilimuuliza mama. Akasema Bibi yako alikuwa anaiogopa radi tangu usichana wake, chochote kikiharibika ni radi. Kwa hiyo labda.

Ila asubuhi iliyofuata baada ya mayai yale kufukiwa, mbuzi alikuwa anazengea jiko, nikakitafuta kile kijiti cha mlangoni nisikione. Nikamuuliza Bibi. Akasema alikichoma usiku, kuni zilimwishia.

Nikatazama juu darini. Kuni zilikuwa zimejaa hadi kwenye bati.