Nilivyotuliza vikao vya kikundi chetu Uyole

Mlioniambia kikundi cha kuweka na kukopa kinaongozwa kwa faini na sauti kubwa, njooni mchukue ushauri wenu.

Nilipopewa uenyekiti hapa Uyole, mkufunzi mmoja alinihakikishia kwamba anayedakia maneno akitozwa mia tano, kelele zitaisha. Tukapitisha. Kikao kilichofuata, baba mmoja mwenye duka la pembejeo alisimama polepole, akaweka noti ya elfu tano mbele ya mweka hazina, akasema, "Mama mwenyekiti, kata humo humo. Chenji ikibaki itanifaa mwezi ujao." Kisha akaongea. Aliongea mbolea, akaongea ukoo, akarudi kwenye mbolea. Akina mama wenye viazi sokoni wakaanza kujifunga vitenge waondoke. Mtu ameshalipia, utamnyamazisha kwa lipi?

Dawa niliisikia redioni. Spika wakati huo alikuwa Dkt. Tulia Ackson, aliyeshika kiti mwaka 2022 akiwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini, kwa hiyo Bunge tulilisikiliza kama mpira. Nikagundua kule Dodoma waziri hamalizi kwa "nilikuwa nasema tu". Anamaliza kwa "naomba kutoa hoja", na wenzake wanasimama, "naafiki". Nikaleta kwetu: asipopatikana wa kuafiki, hatujadili.

Nyongeza yangu mwenyewe, na hapa najisifia: hoja ni sentensi moja ambayo katibu anaweza kuiandika na kuisoma tena. Yule baba akasimama, akaanza safari yake. Katibu wetu, binti wa kumzaa, akauliza kwa adabu zote, "Samahani baba, niandike nini?" Baba akazunguka kupitia bei za viuatilifu. "Sawa baba, ila niandike nini?" Watu wameinamisha vichwa wasicheke. Mwishowe akasema, "Andika tununue turubai na viti vya kukodisha." Kumbe alikuwa na hoja nzuri kuliko zetu zote, maneno ndiyo yalikuwa yameifukia!

Mama mmoja akataka tununue viti peke yake, turubai isubiri mavuno. Zamani hapo tungegawanyika kambi mbili hadi kwenye misiba. Nikasema hayo ni marekebisho, na marekebisho hupigiwa kura kwanza, ndipo tuipigie hoja kama ilivyorekebishwa. Yakapita, hoja ikapita, na baba mwenyewe akanyoosha mkono. Viti vilikula laki kadhaa, na usafiri sijui ulifika ngapi, mweka hazina ndiye anajua.

Mwanangu aliye chuoni aliniambia kanuni za namna hii zina mzee wao Marekani, mhandisi wa jeshi Henry Martyn Robert, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1876. Kilichomsukuma kuanza kuzisoma ni kikao cha kanisani alichopewa aongoze kikamshinda. Nilicheka. Kanisani nako! Moja nimeichukua nzima: hasemi mtu mara ya pili kwenye hoja wakati yupo anayetaka kusema na hajasema. Nyingine ni kwamba kufunga mjadala kunataka theluthi mbili, nusu haitoshi. Inayoniuma ni ya mwenyekiti kutochangia. Nikishindwa kujizuia namwachia makamu kiti, nakaa mkekani na wenzangu, na sirudi mpaka hoja iamuliwe. Ulimi unawasha kweli.

Mambo ya kumnyima mtu mkopo msinyooshe mikono, mtatafutana ubaya na majirani. Sisi kila mmoja anapewa punje ya mahindi na ya maharage. Anaingiza ngumi kwenye mtungi na kuachia moja, ya pili anaitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mahindi ndiyo, maharage hapana. Zikilingana, hoja imeanguka.

Wajanja walipobanwa wakahamia kwenye Mengineyo. Giza limeingia, baridi ya Uyole imeshika, kila mtu anawaza kwake, ndipo mtu anachomekea jambo la hela. Sasa jambo la hela lisilokuwa kwenye ajenda linasubiri kikao kijacho, awe amelileta nani. Langu la chai ya viongozi liliondolewa juzi, katibu akisema "kuhusu utaratibu", yaani navunja kanuni yetu, hata sijamaliza sentensi.