Miaka tatu peke yangu mu Himbi
Kisha volkano Nyiragongo kulipuka Mei 2021 nilihama, nikakaa mu chumba kimoja Himbi, mtaa wa Goma, peke yangu, miaka tatu, nikazoea. Sasa mama wa jirani ananiletea sombe (majani ya muhogo) mu sahani yenye kufunikwa, anasema "kula mwanangu", na miye naanza kujiuliza anatafuta nini kwangu, mkono unabaki ku mlango, sifungui yote. Iliniuma sana! John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chicago, alieleza kama upweke wa siku nyingi unafanya ubongo uchunge hatari kwa watu hata penye haiko, basi mtu anazidi kujitenga. Ni vile kabisa. Jana nilirudisha sahani na ndizi juu, akasema ingia, nikaingia, tukakaa karibu na mbabula, jiko ya makaa, mpaka makala yakaisha.