Moyo wa Bosi

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika kana kwamba Bosi ameshakufa. Hajafa. Muda huu yuko getini, pua ameipenyeza chini ya mabati, anamkagua kila mtu apitaye njia yetu hapa Rau, Moshi. Anakula, anabweka, anagombana na jogoo wa jirani. Ila moyo wake una mvumo, na tangu nilipoambiwa, sijaweza kumtazama akiwa amelala bila kutazama kwanza kifua chake.

Tulikwenda kwa daktari wa mifugo kwa jambo la kawaida kabisa, chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari wetu hamdungi mnyama sindano kabla ya kumpima mwili mzima: macho, fizi, masikio, tumbo, kisha stetoskopu. Hapo kwenye stetoskopu akakawia. Akaisogeza upande wa kushoto wa kifua, usawa wa kiwiko, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa naendelea na habari za mvua, akaniashiria kwa kiganja ninyamaze. Alipoinuka akaniuliza, "Dada, huyu anakohoa usiku?" Hakohoi. "Amewahi kuanguka akazimia?" Hajawahi. "Akikimbia anachoka upesi kuliko zamani?" Hilo sikuwa na jibu lake, na ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Mbwa wa umri wake, atajuaje mtu kama amepunguza mbio kwa uzee au kwa kuumwa?

Mvumo wenyewe si ugonjwa, ni sauti tu. Moyo mzima husikika vali zake zinapofunga, mapigo mawili safi, kisha kimya. Damu ikivurugika njiani, sauti nyingine huingia kati ya yale mapigo mawili. Madaktari huipima kwa daraja, kuanzia 1 hadi 6. La 1 husikika kwa shida, chumba kikiwa kimya na msikilizaji akiwa na subira. La 5 na la 6 mtu huhisi mtetemo hata kwa kuweka mkono kifuani, na la 6 sauti husikika stetoskopu ikiwa imeinuliwa kidogo juu ya ngozi. Bosi alipewa 3. Daktari alirudia kunieleza kwamba daraja linataja ukubwa wa sauti, halitaji moja kwa moja ukubwa wa tatizo. Nilimsikia, lakini kwenye bajaji nilibaki na namba ile peke yake, Bosi amekaa miguuni pangu ulimi nje, anafurahia upepo.

Kabla ya kuupa ubaya wote moyo, alitaka kuangalia damu. Huku kwetu kupe ni wengi, na kupe huleta magonjwa yanayokula chembe nyekundu za damu. Mbwa akipungukiwa damu sana, damu iliyobaki huwa nyepesi na huenda kwa kasi, hata moyo usio na kasoro ukaanza kuvuma. Akitibiwa na damu ikarudi, mvumo nao huondoka. Niliomba Mungu iwe kupe. Sikuwahi kufikiri nitakuja kuomba mbwa wangu awe na ugonjwa wa kupe, lakini niliomba, kwa sababu ule una dawa na una mwisho. Majibu yakaja: damu yake ni nzuri, haina shida yoyote. Daktari aliniambia kwa furaha, na mimi nikashukuru kwa sauti huku moyo umenizama.

Tukaelekezwa kwa mwenzake mwenye mashine ya ultrasaundi. Bosi akalazwa ubavu, nikamshika kichwa, nikamwona kwa mara ya kwanza moyo wake kwenye skrini, mdogo, una haraka, haupumziki. Vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto, imenenepa kingo na haifungi sawasawa, kwa hiyo kila moyo ukikaza, damu kidogo hurudi ilikotoka. Huu ndio ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa mbwa, hasa wenye umbo dogo wakishazeeka, na Bosi ana kilo 9 tu hata akishiba. Hauletwi na chakula kibaya wala na kazi nyingi. Nilipomweleza baba kwa simu, alinielewa kwa njia yake. Alikulia Kibosho, huko juu mlimani, akifungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, migombani, akaniuliza, "Yaani ubao wa mfereji umechakaa, maji yanavuja yakirudi nyuma?" Ndiyo baba, hivyo hivyo. "Na ile sauti ni ya maji yanayovuja." Ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Anakula?" Anakula. "Basi mlete Krismasi."

Lililonielemea kuliko yote halikuwa picha ile. Ni pale niliposhika pochi tayari kulipia dawa, daktari akasema hakuna dawa. Wataalamu wa moyo wa wanyama hugawa ugonjwa huu kwa hatua, na Bosi yuko kwenye ile ambayo vali inavuja lakini moyo haujapanuka. Katika hatua hii dawa hazijaonyesha faida, kwa hiyo hazitolewi. Moyo ukianza kupanuka, hapo ndipo huanzishwa dawa ya moyo iitwayo pimobendani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa waliopewa dawa hiyo walikaa muda mrefu zaidi kabla ya moyo kushindwa kazi, tofauti ya miezi 15 hivi. Ikifika mapafu kujaa maji, kuna furosemidi ya kuyatoa kwa njia ya mkojo. Yote hayo yapo mbele, na pengine hatutayafikia, maana wapo mbwa wengi wenye vali kama yake wanaokufa kwa uzee wao bila moyo kuwahi kuwashinda. Kwa sasa ni kumwangalia tu.

Kwetu mtu akitoka hospitali bila mfuko wa dawa huona kama hakutibiwa. Mimi nilijiona hivyo. Nilitaka kidonge cha asubuhi na cha jioni, nilitaka mikono yangu ipate kazi.

Kazi nikaja kuipatia kwa Mama Neema, jirani yetu, muuguzi mstaafu. Nilikuwa namkwepa, nitasema kwa nini. Mjukuu wake ana vali mbovu pia, ila yeye ni mtoto wa watu, na zake ziliharibika baada ya homa ya baridi yabisi iliyotokana na koo kuuma. Kila baada ya wiki 4 huchomwa sindano ya penisilini, sindano nzito, na hajawahi kulia mbele yangu. Ningeanzaje kumwambia bibi yake kwamba nakosa usingizi kwa ajili ya mbwa? Lakini aliniona naingia getini uso umenivimba, akaniuliza, nikamwambia yote tukiwa tumesimama pale. Hakucheka wala hakulinganisha. Aliingia ndani, akatoka na saa yake ya zamani ya wodini, ile ya kubandika kifuani, akanikabidhi. "Mwanangu, tulikuwa tunawahesabia pumzi watoto wenye nimonia, dakika nzima, bila kukata. Njoo nikufundishe." Akanifundisha kwa Bosi mwenyewe, aliyekuwa amelala kibarazani: kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Usimguse, usimwite jina, usihesabu akiwa anaota na miguu inarukaruka.

Daktari alishanipa kipimo: mbwa aliyelala usingizi asizidi pumzi 30 kwa dakika. Mapafu yakianza kupokea maji, pumzi huongezeka usingizini kabla ya kikohozi na kabla ya mtu kuona chochote kwa macho. Ikizidi 30, unahesabu tena baada ya muda. Ikibaki juu, unapiga simu, usiku au mchana. Kwa Moshi kazi hii ina ugumu wake, hasa Januari hii. Mchana joto linamfanya aheme ulimi nje, na kuhema kwa joto hakuhesabiki. Kwa hiyo nasubiri mpaka hewa ya mlimani ishuke, usiku mwingi, au karibu na alfajiri, nakaa kwenye kigoda mlangoni na ile saa. Namba za Bosi ni 16, 18, mara nyingine 20. Naziandika kwenye daftari la hesabu za duka, ukurasa wa nyuma. Mwanzoni nilihesabu hata alipokuwa amelala dakika tano tu, nikawa nahesabu kila anapofumba macho. Mama Neema ndiye aliyeniwekea mpaka: mara moja kwa siku, basi, kisha ulale na wewe.

Lakini Bosi ana kazi, na hapo ndipo nilipobaki na swali ambalo picha ya moyo haikulijibu. Hakuletwa hapa kubembelezwa. Aliletwa alinde, na amelinda. Alfajiri wakipita akina mama wa ndizi kuelekea sokoni, yeye huwasindikiza kwa kubweka kutoka kona moja ya ukuta hadi nyingine, mbio zake zote. Anawajua, wanamjua, wengine humwita jina, na bado hawaachi. Niliona kila mbio moja inamla. Nikamuuliza daktari kama nimfungie ndani usiku, nimwache apumzike. Alinijibu kwa swali: "Ukimfungia, atalala?" Hatalala. Atakwaruza mlango hadi asubuhi na kulia. Basi, akasema, mwache afanye anachokijua. Mbwa wa hatua hii hazuiwi kukimbia, akichoka atakaa mwenyewe; usimlazimishe tu, usimtembeze juani, na ukimfunga kamba mvishe mkanda wa kifuani, usimkabe shingo.

Tumebadilisha mambo machache. Dagaa wake sasa tunawaloweka na kumwaga yale maji ya kwanza, maana chumvi nyingi humfanya mwenye moyo dhaifu abaki na maji mwilini, na heri azoee mapema. Makombo ya mchuzi hapewi tena. Dona yake ni ile ile. Uzito wake tunauangalia, asinenepe wala asikonde ghafla.

Krismasi tulimpandisha Kibosho. Nilibishana na nafsi yangu wiki nzima, kwa sababu kule nyumbani ni mteremko mtupu, na kihamba, shamba letu la ukoo, kina wageni, watoto na mbwa wengine. Baba alikuwa ameshatoa amri kabla hatujafika: nyama ya Bosi itolewe sufuriani mapema, haijaonja chumvi wala kitunguu, na mtoto atakayemtupia kipande cha kuchoma atamjua yeye ni nani. Baba ana presha na naye hali chumvi, kwa hiyo vyungu vyao viliwekwa pamoja kwenye kona ya jiko, na mzee alilipenda jambo hilo kuliko alivyokubali kusema. Bosi alishuka mpaka kwenye mfereji, akanywa, akapanda polepole kuliko mwaka juzi. Alisimama katikati ya migomba, akatazama juu, kisha akaendelea. Nilimwona akisimama. Nilibaki nilipokuwa, sikumfuata kumbeba, ingawa miguu yangu ilitaka.

Usiku ule nilihesabu 17, kwenye baridi ya kule juu, amelala mlangoni kwa baba na si kwangu.

Tunarudi kwa daktari Juni, apimwe tena kama moyo umepanuka, labda mapema zaidi nikiona kikohozi au pumzi zikipanda. Maswali nimeshayaandika nyuma ya daftari. Je, ule mvumo bado ni 3? Meno yake ya nyuma yana ugaga, na kuyasafisha kunahitaji dawa ya usingizi. Moyo huu utaihimili? Pimobendani, siku tukiihitaji, inapatikana hapa Moshi au niagize mapema, na kwa kilo 9 itanigharimu kiasi gani kwa mwezi, nianze kuweka akiba sasa? Na la mwisho, ambalo baba ameniagiza nimuulize daktari kwa jina lake: kama Bosi anaweza kuhamia Kibosho kwenye baridi kipindi chote cha joto, maana mzee anasema kihamba chake kinahitaji mlinzi.