Akakamua ndimu

Nimetoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, sasa hivi, moyo bado mzito.

Kuna mama ninayenunua kwake dagaa. Mwaka jana kaka mmoja alichukua laki tatu zake, akaahidi kumletea mzigo kutoka Ukerewe. Akapotea.

Leo mama kamkuta kwa mama ntilie, anakula sangara.

"Mwanangu, ile ilikuwa ada ya watoto." Sauti ikakatika, akalia mbele za watu.

Kaka akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua ndimu, akaikamua juu ya samaki taratibu, akauliza kama pilipili imebaki.

Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ule mkono ndio unaonisumbua.

Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, alitengeneza kipimo cha usaikopathi, yaani hali ya mtu kukosa huruma na majuto, chenye vigezo 20, na kutojuta ni kimojawapo. Watafiti pia wameona kwamba kwa baadhi ya watu wenye hali hiyo amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, huitika kidogo sana.

Huyu kaka mimi si wa kumpima. Huenda amezoea tu.

Jamani, mmewahi kukutana na mtu wa hivi? Mlimwambia nini?