Fundi wa Mabani na Sauna ya Kaka

Kaka yangu alirudi Tabora mwaka 2021 akiwa na mchoro wa sauna, chumba cha kuoga kwa joto na mvuke, cha mita mbili kwa mbili na nusu. Aliutandaza mezani, nyumbani kwetu Isevya, kabla mama hajamaliza kumpakulia ugali.

Mama akauliza hiyo sauna ni ya nini, maana joto la Oktoba la Tabora linatutosha sote na chenji inabaki. Kaka akaanza hotuba. Ufini ina watu kama milioni 5 na nusu na sauna zipatazo milioni 3. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Yeye mwenyewe, alipokuwa Tampere, mji wa huko Ufini, alikuwa akienda Rajaportti, sauna ya umma iliyofunguliwa 1906 na inayowashwa kwa kuni mpaka leo.

"Kumbe nyungu," mama akasema.

Kaka hakupenda. Nyungu unajifunika blanketi juu ya sufuria, akaeleza. Huku chumba kizima kinapashwa hadi nyuzi 80 na zaidi, hewa ikiwa kavu, ndipo unamwagia mawe maji kidogo na mvuke unakuvaa mara moja. Mimi niliuona undugu kabisa, ila hela zilikuwa zake, nikanyamaza.

Usimamizi nikaachiwa mimi. Fundi wa kwanza, mzoefu wa nyumba za kisasa, aliyaondoa matundu yote ya hewa ili joto lisitoroke, akaongeza dirisha kubwa la kioo. Tukaagana kwa heshima. Jirani mmoja ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Urambo aliyekuwa amejenga mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa joto, maisha yake yote.

Mzee alichuchumaa, akauangalia mchoro juu chini bila kujali.

"Hewa inaingilia wapi?"

"Chini, jirani na jiko," kaka akajibu.

"Na inatokea wapi?"

"Ukuta wa pili, mzee wangu."

"Basi hili bani, mwanangu. Mngesema mapema."

Akatueleza habari za tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto ndani ya bani: unaanza na joto la nyuzi 35 hivi, unapandisha taratibu mpaka 70 na ushei, na muda wote unacheza na matundu. Ukiyafunga, jani linaiva kwa jasho lake na kuwa jeusi. "Na mtu vilevile," akaongeza, akimtazama kaka tumboni.

Kuta za tofali za kuchoma zilipanda haraka, hazina hadithi. Hadithi ilikuwa kwenye mawe. Vijana walileta ya mtoni, ya mviringo, yanapendeza kweli. Mzee akayatia machache kwenye moto wa mkaa, akatuamuru tusimame nyuma ya ukuta. Haukupita muda, pa! Kipande kikaigonga ndoo ya bati na kuitoboa. Maji yaliyojificha ndani ya jiwe yakigeuka mvuke hayana pa kupitia. Na mawe meupe ya vilima vya hapa kwetu, alisema, yakipashwa na kumwagiwa maji mara kwa mara yanamomonyoka kama chumvi. Tukaagiza meusi, mazito, kutoka upande wa Nzega. Yalipofika, mzee akakaa juu ya kigoda, akawa anagonga moja moja kwa nyundo huku amefumba macho. Lililolia kama kengele liliwekwa kulia. Lililotoa sauti ya kopo lilitupwa, hata kama ufa hauonekani.

Seremala naye alitaka mabenchi ya mninga, kwa sababu mtu wa Tabora akikosa mninga nyumbani anajiona yatima. Kaka akakataa: mbao nzito inashika joto, itakuunguza makalio. Tukachukua paini, tukichagua zisizo na vifundo kwa kuwa kifundo hutoa utomvu kikipata moto, na misumari ikapigwa kwa chini. Benchi la juu lilipanda hadi miguu ya mkaaji ikawa juu ya usawa wa mawe. Mlango ukafunguka kwa nje, bila komeo, ili anayezidiwa ausukume tu.

Siku ya kuwasha, mama akaingia na kanga, akachagua benchi la chini kwa ajili ya presha yake. Mkononi ana fungu la mwarobaini.

"Mama, majani hayawekwi juu ya mawe, yataungua."

"Wazungu wako hawatumii majani?"

Kaka, ambaye kudanganya hawezi, akakiri kwamba Wafini hujichapa kwa matawi mabichi ya mti wao mmoja.

Mama akaloweka mwarobaini kwenye ndoo, akaanza kujichapa mabega. Kisha akamgeukia mzee wa Urambo, aliyekuwa ameketi benchi la juu akiwa na suruali yake na kofia, na kumuuliza kama angeweza kuongeza chumba cha pili kwa ajili ya kina mama wa jumuiya. Mzee akamtajia bei pale pale.