Nilivyoipanga masta ya mifumo ya taarifa kuanzia nyuma

Kila niliyemwambia kwamba nataka kusoma masta ya mifumo ya taarifa aliniuliza kwanza: chuo gani? Chuo mimi nilikiweka mwisho. Nilianza na swali la tasnifu, nikatafuta msimamizi, nikapiga hesabu ya saa na pesa, halafu ndipo nikaangalia dirisha gani la udahili liko wazi. Kwenye vitengo vya TEHAMA vya halmashauri nimewaona wenzangu wakimaliza masomo ya darasani kwa alama nzuri, kisha wakakwama kwenye utafiti mpaka mtu anakwepa kuulizwa amefikia wapi. Sikutaka kuongeza idadi yao.

Mimi ni afisa TEHAMA mkoani Morogoro. Siku zangu zinakwenda kwa printa zisizochapa na watu waliosahau nywila, na kila mwanzo wa mwezi zamu ni ya DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya inakusanyia takwimu za vituo vya huduma nchini. Zahanati inajumlisha wagonjwa wake kutoka vitabu vya MTUHA, yaani rejista za kituo za mfumo wa taarifa za huduma za afya, inajaza fomu ya mwezi, fomu inashuka wilayani kabla ya tarehe 7, na huko wilayani takwimu zinaingizwa kwenye mfumo. Mfumo ukigoma, naitwa mimi.

Swali langu nililikuta kwenye zahanati moja huko juu kwenye milima ya Uluguru, nilikopanda na bodaboda kwenda kurekebisha kishkwambi. Muuguzi alikuwa anafunga mwezi. Kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, kilikuwa wazi mezani, pembeni karatasi ya kuhesabia kwa vijiti. Anashuka na kidole kwenye safu ya umri, mstari kwa mstari, anachora vijiti vinne, cha tano anakilaza juu yake. Akafika kwa mtoto ambaye umri wake umeandikwa "1" tu, bila mwezi wala mwaka. Akasimama. Fomu ina safu ya walio chini ya mwezi mmoja, ina ya mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, ina ya mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5. Huyu aende wapi? Akaangalia dawa aliyoandikiwa mtoto, akakadiria kutokana na kipimo chake, akachora kijiti kwenye safu ya mwaka mmoja.

"Dada wa kompyuta," akaniambia macho yakiwa bado kitabuni, "kwenye mfumo wenu huko hamna pa kuandika sina uhakika."

Hamna kweli. Ile namba ikishaingia DHIS2 inakaa sawa na namba nyingine zote, imenyooka, ina grafu. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha kukagua jambo hili: unahesabu upya kitabu, unagawanya hesabu yako kwa ile iliyoripotiwa, na tofauti ikizidi asilimia 10 unajua kuna kitu cha kutazama. Kipimo kizuri. Ila kinaishia kukuambia kwamba tofauti ipo. Ilizaliwa wapi, kwenye kalamu, kwenye vijiti au kwenye kuingiza, hilo ni la mtu kwenda kukaa pale mezani na kuangalia. Nikaandika ukurasa mmoja: tatizo, swali, mahali, data nitakazozipata, na data nisizoweza kuzipata. Ukurasa huo ndio uliobeba mipango yote iliyofuata.

Kwenye nadharia nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na sijutii. Anayesoma fani hii lazima atakutana na Fred Davis, ambaye mwaka 1989 alieleza kuwa mtu hukubali teknolojia akiiona ina manufaa kwake na ni rahisi kuitumia. Atakutana pia na Venkatesh na wenzake, ambao mwaka 2003 waliunganisha nadharia nane za aina hiyo kuwa moja. Tasnifu za mkondo huo nilizosoma zinafanana kama sare za shule: dodoso lenye ngazi tano kuanzia "sikubaliani kabisa", majedwali, kisha pendekezo kwamba watumiaji wapewe mafunzo. Nasema bila dharau, maana nadharia yenyewe ina nguvu mahali pake. Lakini muuguzi wa Uluguru hakuulizwa kama anakubali. Fomu ni amri, atajaza apende asipende, kwa hiyo kumpima nia yake ya kutumia mfumo kungenipa majibu mazuri yasiyo na kazi. Venkatesh na wenzake wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana waliweka hiari ya mtumiaji kama jambo linalobadilisha matokeo. Kwa swali langu waliofaa zaidi ni DeLone na McLean, walioandika juu ya mafanikio ya mfumo wa taarifa mwaka 1992 na kurekebisha 2003, kwa kuwa wanatenganisha ubora wa mfumo na ubora wa taarifa zilizomo. Mfumo unaweza kuwa mzima kabisa, taarifa zikawa mbovu. Kando yao nikamweka Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester na hoja yake ya pengo kati ya mfumo ulivyobuniwa na hali ya mahali unapotumika.

Baada ya hapo, msimamizi. Majina ya wahadhiri yapo kwenye tovuti za vyuo, lakini orodha haikuambii nani anasoma kazi za wanafunzi wake. Nilichofanya ni kuingia kwenye hazina za tasnifu ambazo vyuo huziweka wazi mtandaoni, nikasoma kurasa za shukrani. Shukrani zinasema mengi. Mwanafunzi anayemshukuru msimamizi "kwa kusoma kila sura na kunirudishia na maswali" ameandika kitu tofauti na anayemshukuru "kwa kuruhusu kazi hii iwasilishwe". Nikawatafuta wahitimu hao, nikawauliza swali moja tu: sura ilikuwa inakaa kwake muda gani? Mmoja alicheka kabla hajajibu, nikalifuta jina lile.

Niliyempata anafundisha Dar es Salaam na amewahi kutafiti juu ya data za afya. Nilimwandikia barua pepe fupi, ule ukurasa mmoja nikauambatanisha. Hakunijibu mara moja. Alipojibu hakuniambia karibu, alisema: "Umeandika kwamba tatizo ni mfumo. Una uhakika si fomu?" Nilijua nimepata mtu.

Watu wa Morogoro watashangaa kwa nini niende Dar wakati vyuo vikuu vya Mzumbe na SUA (Sokoine) vipo mlangoni. Jibu ni huyu msimamizi. Niliitazama pia Oslo, kwa kuwa chuo kikuu cha huko ndicho kinachoongoza uendelezaji wa DHIS2, kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Ila tangu msimu wa vuli wa 2023 Norway inawatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, na bila ufadhili hiyo si safari ya mshahara wangu. Makerere wana shahada yenye jina hilihili la mifumo ya taarifa, na kwa aliye Bukoba au Mwanza ningemwambia aifikirie kwa uzito. Mimi nina mtoto mdogo na kazi ninayoihitaji.

Hesabu ya saa niliifanya mezani na mume wangu, kwa kalamu, kwa sababu saa zenyewe zilikuwa zinatoka kwake pia. Masta kwa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kusoma, mazoezi, utafiti, vyote ndani. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miezi 18, ni kama saa 23 kila wiki. Mume wangu akaiangalia ile 23, akasema, "Hiyo ni ajira nyingine." Tukatafuta zitatoka wapi. Darasa la mwisho wa wiki linachukua karibu nusu. Alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na mbili, nyumba ikiwa imelala, zinachukua sehemu kubwa ya zilizobaki. Na treni ikatuongezea nyingine: tangu SGR, ile reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, safari ya basi iliyokula saa nne na zaidi imekuwa ya chini ya saa mbili, na kwenye treni mtu unasoma. Nauli ya daraja la kawaida tulipopiga hesabu ilikuwa shilingi 13,000. Mama mkwe akakubali kuja kukaa na mjukuu Jumamosi na Jumapili. Bila yeye mpango huu usingekuwepo, na naona watu wanaoeleza walivyosoma huku wanafanya kazi huwa wanamruka mtu huyu kwenye masimulizi.

Pesa sasa. Mshahara wangu bado unakatwa asilimia 15 kulipa mkopo wa Bodi ya Mikopo niliosomea shahada ya kwanza, na sheria inataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Ukijumlisha hayo mawili unajua mapema kiasi gani cha mkopo mpya hakiwezekani, hata afisa mikopo akutabasamulie vipi. Nilikopa kidogo kwenye SACCOS, ada ya muhula wa kwanza tu, na iliyobaki tunaiwekea kila mwezi kwenye akaunti ambayo sina kadi yake.

Kwa mwajiri niliandika barua kwa Mkurugenzi, U.F.S. (yaani ikipitia kwa) mkuu wangu wa kitengo, nikaambatanisha ratiba ya masomo na ule ukurasa wa utafiti. Kwa kuwa tatizo ninalolitafiti ni la halmashauri yenyewe, barua haikukaa mezani kwa mtu. Sikuomba likizo ya masomo. Niliomba nisipangiwe zamu za mwisho wa wiki, basi.

Maombi yenyewe ya chuo hayana hadithi. Cheti, transkripti, cheti cha kuzaliwa, barua za wadhamini wawili, namba ya malipo, unalipa, unasubiri. Kima cha chini kilikuwa GPA, wastani wa alama za shahada ya kwanza, ya 2.7 na ninayo.

Jambo moja nililiamua kabla hata ya kudahiliwa, na limenipunguzia mzigo: sitagusa jina la mgonjwa. Utafiti wa afya unapitia kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisha barua zinashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi, Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi kwa mfawidhi wa zahanati. Juu ya hapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwenye vitabu nitahesabu safu za umri na jinsia, safu ya majina itafunikwa kwa karatasi ngumu. Msimamizi alipenda hiyo karatasi ngumu kuliko sura nzima ya nadharia.

Miezi ya kusubiri majibu ya chuo niliitumia kuweka DHIS2 kwenye kompyuta yangu mpakato: kwanza programu inazozitegemea, Java, PostgreSQL na Tomcat, halafu hifadhidata ya majaribio ambayo kila anayejifunza mfumo huu anaijua, ya Sierra Leone, na wilaya zake za Bo na Kenema, jina admin na nywila district. Humo unaweza kuharibu upendavyo. Nilitengeneza fomu yenye safu ya "umri haujulikani", nikaingiza namba za kubuni, nikaangalia majumlisho yanavyobadilika. Nilijifunza mengi kuliko kwenye mafunzo yoyote niliyopelekwa kazini, ambayo kwa kawaida yanaishia kwenye chai.

Sasa niko muhula wa pili. Kozi za hiari nimechagua hifadhidata na uchambuzi wa data, nikaacha usimamizi wa miradi ingawa wenzangu wanasema ndiyo rahisi kupata alama. Andiko la utafiti lilirudi wiki iliyopita likiwa na wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika zahanati zote za tarafa nzima.

"Zipunguze," alisema Dokta, msimamizi wangu.

"Nibaki na ngapi, Dokta?"

"Nne. Lakini kila moja ukae siku wanazofunga mwezi, tangu kitabu kinafunguliwa mpaka fomu inasainiwa."

Wote wanafunga mwezi siku zilezile, kwa hiyo nne ni miezi minne. Nimeshairekebisha ratiba, na fomu za NIMR zinakwenda Jumatatu.