Siku tuliyokwenda na mifuko mitupu

Mdogo wangu alizidiwa usiku, alfajiri akalazwa. Mchana wake mimi na mama tukaenda kwenye nyumba aliyokuwa akiishi, tumebeba mifuko mitupu ya kuhamishia vitu vyake. Hakuna aliyetuita. Tulikuwa tumezoea tu. Tangu aanze kuumwa skizofrenia, ugonjwa wa akili, kila alipotoka wodini alikuta hana pa kulala. Mwenye nyumba mmoja alibadilisha kitasa. Mwingine alimtolea vitu nje vikanyeshewa. Kituo kimoja kilimpa mtu mwingine kitanda chake hata kabla daktari hajasema atatoka lini. Ugonjwa ulikuwa ukija na kupungua, lakini makazi yakishapotea yalikuwa yamepotea.

Nyumba hii ilikuwa na wapangaji wachache, kila mmoja na chumba chake na ufunguo wake, jiko na sebule wakitumia pamoja, na mfanyakazi wa zamu usiku na mchana. Siku ile tulimkuta dada mmoja mpole. Alimwamkia mama, akatukaribisha tukae, kisha akauliza mifuko ni ya nini. Mama akamweleza kwamba tumekuja kutoa vitu tusiwasumbue, maana wapo wengine wanaosubiri nafasi.

"Mama, chumba ni chake," akasema yule dada. "Amelazwa, hajahama."

Mama hakuamini. Ikabidi dada alete faili na kutusomea mkataba wa upangaji ambao mdogo wangu aliutia saini mwenyewe. Kulazwa hospitali hakumwondolei chumba. Wafanyakazi wana ufunguo wa akiba, lakini hawaingii bila kubisha hodi na kukaribishwa, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Na kuacha dawa si sababu ya kufukuzwa. Hapo mama akapandisha sauti.

"Yaani asipomeza dawa mnamwacha hivi hivi?"

"Hatumwachi, mama. Tunakaa naye, tunamsikiliza, tunamwita muuguzi. Ila hatumwambii meza au uondoke. Tukimwambia hivyo, siku akiacha atatuficha, na sisi tutajua mambo yakiwa yameshaharibika."

Baadaye ndipo nilipojua kwamba hoja hiyo ilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1992, jijini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango wa kuwapa nyumba kwanza watu wenye ugonjwa wa akili waliokuwa wakilala mitaani, bila kuwashurutisha wapone au waache ulevi ndipo wapewe. Kanada ikaja kuupima utaratibu huo kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa na makazi muda wote. Kwa wale waliobaki na huduma za kawaida ilikuwa asilimia 31. Na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na watu wengine. Mama yangu hakuhitaji takwimu hizo. Alichotaka kujua ni jambo moja: usiku ule mwanawe alitendewaje?

Dada akatuonyesha karatasi nyingine, mpango wa dharura, aliouandika mdogo wangu siku akiwa mzima. Nilitambua mwandiko wake, ule wa herufi zinazolala upande. Dalili zangu: silali, nafunika kioo kwa shuka, sipokei simu ya dada yangu. Msinishike. Msizime taa. Aongee mtu mmoja tu. Usiku ule waliyafuata yote. Mfanyakazi wa zamu alikaa sakafuni kwenye korido, nje ya mlango, akaongea naye peke yake mpaka akakubali mwenyewe kwenda hospitali. Alitembea kwa miguu yake hadi kwenye gari.

Mama aliposikia hivyo alianza kulia, na mimi nikashindwa kujizuia. Huko nyuma mdogo wangu alikuwa akipelekwa hospitali amefungwa kamba, majirani wakiwa wamejaa dirishani. Alama za kamba zile ziko kwenye mikono yake mpaka leo. Sijui ni tiba gani inayoweza kumfikia mtu aliyeburuzwa namna ile kutoka mahali anapolala, kisha akarudi asiweze hata kupaona tena.

Aliporuhusiwa tulimsindikiza. Akafungua mlango kwa ufunguo wake. Shuka lilikuwa bado limefunika kioo, akalitoa na kulikunja. Kisha akaenda kuwasha bomba la kwenye sinki, akaliangalia, akatoka kumtafuta dada wa zamu.

"Bomba langu bado linavuja. Nilisema kabla sijalazwa."

"Mwanangu, si ushukuru kwanza," mama akamkatiza.

"Nashukuru, mama. Lakini linavuja."

Dada akafungua daftari la matengenezo, akaandika namba ya chumba, akamwambia fundi atakuja Alhamisi. Mdogo wangu akauliza saa ngapi.